Pumu ya ngozi na soriasisi: upake nini, mahali gani, kwa muda gani

Anayeingia duka la dawa na kusema "naomba dawa ya muwasho" anaweza kutoka na chochote: krimu ya fangasi, tyubu ya steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), losheni yenye picha ya mtoto, au vidonge vya aleji. Kila kimoja kinaweza kumtuliza siku mbili tatu. Baada ya hapo ndipo ngozi inasema kama ilipewa ilichohitaji. Mimi nina soriasisi tangu ujana, na mtoto wa dada yangu, tunayekaa naye nyumba moja Dar es Salaam, ana pumu ya ngozi. Rafu ya bafuni ni moja, makopo ni ya watu wawili, na si kila kinachomfaa yeye kinanifaa mimi. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya aliyesimama mbele ya kaunta bila kujua aelekeze kidole wapi.

Kwanza ujue ni ipi

Pumu ya ngozi huanza zaidi utotoni, mara nyingi kabla ya miaka mitano. Kwa kichanga hushika mashavu. Akikua inahamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, vifundoni mwa mikono. Muwasho wake ni mkali na huzidi usiku. Mara nyingi katika ukoo huo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya aleji yasiyoisha. Kwenye ngozi nyeusi huja pia kama vipele vidogo vigumu kwenye vinyweleo, ambavyo ukivipitishia kiganja unavisikia kabla ya kuviona.

Soriasisi hupenda upande wa nje: visukusuku vya mikono, mbele ya magoti, kichwani, kiunoni juu kidogo ya makalio. Ni bamba nene lenye mpaka ulio wazi na magamba meupe yanayopukutika. Kucha zinaweza kuwa na vishimo vidogo au kuachia nyama yake. Vitabu vingi vinasema bamba hilo ni jekundu. Kwetu huwa la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na hilo limewachelewesha wengi kutambuliwa ugonjwa wao.

Ndani ya ngozi kinachotokea ni vitu viwili tofauti. Ngozi yenye pumu ni kama paa la makuti lililoachia: maji yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Katika soriasisi kinga ya mwili inaharakisha uzalishaji wa ngozi. Seli ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi kupanda hadi juu hufika kwa siku chache tu, zikarundikana. Kwa hiyo ya kwanza inataka kuzibwa na kutunziwa maji. Ya pili inataka kupunguziwa mwendo na kutolewa magamba. Chaguo zote zinazofuata zinatokana na tofauti hiyo.

Hakuna inayoambukiza kati ya hizi mbili. Kulala kitanda kimoja, kushikana mikono au kula sahani moja hakumpi mtu ugonjwa huu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona mtoto akitengwa kwenye dawati.

Mabaka ya duara yenye ukingo unaotambaa nje huku katikati pakipona yanaweza kuwa fangasi. Hayo yapimwe kabla ya kupaka steroidi, maana steroidi huituliza fangasi juu juu huku ikienea.

Mafuta ya kila siku: ya mgando, krimu, losheni, au ya nazi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanaziba kuliko vyote, hayana maji wala vihifadhi vya kuchoma ngozi iliyopasuka, na ni rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba yananata, yanachafua kola ya sare, na katika joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, yanamfanya mtoto ajisikie amefungwa ndani ya plastiki. Jasho likikwama chini yake, muwasho unarudi. Krimu inaingia haraka na haing'ai, lakini ina vihifadhi, na mwenye nyufa huisikia ikichoma. Losheni ni nyepesi zaidi, inapakika kwenye kifua chenye nywele na kwa anayetoka asubuhi, ila kwenye ngozi kavu sana inakauka mapema na kutaka kurudiwa.

Ipi inashinda? Uingereza walilifanyia jaribio swali hilo kwa watoto 550 wenye pumu ya ngozi, wakilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: hakuna aina iliyozidi nyingine katika kutuliza dalili. Kilichotofautiana ni familia zilivyoridhika nazo. Kwangu hilo ni jibu kubwa. Bora ni ile utakayopaka kila siku bila kulazimishwa. Mtoto wetu hupakwa krimu asubuhi kabla ya shule na mafuta ya mgando usiku. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, tunaongeza ya mgando. Anayeishi Njombe, Makete au Limuru, ambako baridi inakausha, atahitaji mafuta mazito kwa miezi mingi kuliko sisi wa pwani.

Kinachofaa kupimwa zaidi ni kiasi. Mtoto mwenye pumu iliyoenea anatakiwa kutumia gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki. Kile kitube kidogo cha bei ghali chenye gramu 50 hakimfikishi hata siku mbili. Ukiwa na pesa ya kopo dogo la kifahari au kopo kubwa la kawaida lisilo na harufu, chukua kubwa.

Mafuta ya nazi yana nafasi yake. Utafiti uliofanywa Ufilipino kwa watoto wenye pumu ya ngozi, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha mafuta ya nazi yasiyosafishwa yakifanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Yakikamuliwa nyumbani yawe safi, bila mabaki ya tui yanayochacha. Kwenye soriasisi hayaponyi bamba, lakini kichwani yanalainisha magamba vizuri sana kabla ya kuoga. Mafuta ya zeituni yanaheshimika katika nyumba nyingi za pwani na nayaheshimu mezani, ila kwa ngozi hii nayaacha. Utafiti wa mwaka 2013 kwa watu wazima ulionyesha kwamba yanadhoofisha kizuizi cha ngozi, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo. Yenye karanga usimpake mtoto mwenye pumu ya ngozi, kwa sababu aleji ya karanga inaweza kuanzia kwenye ngozi iliyopasuka.

Yurea ya asilimia 5 hadi 10 huvuta maji na kulainisha. Kwa soriasisi na visigino naipenda sana. Kwa mtoto mwenye ngozi iliyochubuka inauma, na atakataa kupakwa chochote baada ya hapo. Ile krimu nyeupe ya zamani inayotengenezwa kwa maji na mafuta ya kuchanganyia (aqueous cream), ambayo hospitali nyingi zilikuwa zikiitoa, baadhi yake ina lauri salfeti ya sodiamu, kemikali ya povu. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitoa tahadhari kwamba inaweza kuwasha ngozi ya watoto wenye pumu ya ngozi ikiachwa mwilini. Kama unayo, itumie kuogea badala ya sabuni kisha uisuuze.

Mawili ya usalama. Chota mafuta kwa kijiko safi badala ya vidole, kopo lisigeuke shamba la vijidudu. Na nguo au shuka iliyolowa mafuta ya mgando, au krimu yoyote, inashika moto upesi: aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, kibatari au mshumaa, na kanga zake zifuliwe mara kwa mara kwa maji ya moto.

Maji na sabuni

Sabuni za mche zina ualkali mwingi, wakati ngozi yenye afya ina uasidi kidogo. Zibaki kwenye nguo. Sabuni za kuua vijidudu nazo zinakausha. Kwa wote wawili: maji ya uvuguvugu, dakika chache, kisabuni laini kisicho na harufu, kisha taulo kwa kugusagusa na mafuta papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Dodoki na jiwe viondoke bafuni. Kwa pumu vinachubua. Kwa soriasisi ni vibaya zaidi, kwa sababu mahali palipojeruhiwa panaweza kuota bamba jipya. Mkwaruzo, mchanjo, hata mshono wa mkanda ulio mkali unaweza kufanya hivyo.

Steroidi: chagua kwa mahali, si kwa ukali wa muwasho

Kosa la kawaida kaunta ni kuuliza "ipi ina nguvu?" Swali linalofaa ni "inaenda wapi mwilini?" Ngozi ya kope ni nyembamba na inafyonza dawa nyingi; ya nyayo inafyonza kidogo mno.

| Nguvu | Mfano | Pumu ya ngozi | Soriasisi |
|---|---|---|---|
| Hafifu | haidrokotizoni asilimia 1 | uso, shingo, watoto wachanga | uso na mikunjo. Kwenye bamba nene haifui dafu |
| Wastani | klobetasoni asilimia 0.05 | mwili wa mtoto ikiwa hafifu haikutosha | mikunjo, kwa muda mfupi |
| Kali | betamethasoni valerati au mometasoni, asilimia 0.1 | mikono na miguu ya mtu mzima, ngozi iliyokomaa kwa kukunwa | kiwiliwili, mikono na miguu, kichwa |
| Kali mno | klobetasoli asilimia 0.05 | viganja na nyayo tu, kwa agizo la daktari | bamba nene la kiwiko, goti, nyayo. Kwa agizo la daktari |

Kipimo: kamua dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mara moja kwa siku inatosha kwa nyingi. Usipake mafuta na steroidi kwa mkupuo mmoja. Zipishane kwa dakika 15 hadi 30.

Kuna watu wa aina mbili, na wote wananihuzunisha. Wa kwanza anaogopa steroidi kiasi cha kumwacha mtoto akijikuna hadi damu, akikosa usingizi, akisinzia darasani. Haidrokotizoni kwa siku chache haitamdhuru mtoto huyo. Kujikuna kunamdhuru kila usiku. Mpe dozi ya kutosha mapema, ngozi ikitulia acha, mafuta yaendelee. Kama mlipuko unarudi palepale kila baada ya wiki mbili tatu, muulize daktari kuhusu kupaka siku mbili kwa wiki kwenye sehemu hizo hata zikiwa zimetulia. Kwa pumu ya ngozi njia hiyo hupunguza milipuko.

Wa pili anapaka klobetasoli usoni miezi sita. Mara nyingi hajui kwamba anaipaka, kwa sababu imo ndani ya krimu iliyouzwa kama ya kung'arisha, au ndani ya mkorogo uliochanganywa na muuzaji, au ndani ya tyubu ya "tatu kwa moja" yenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Wiki ya kwanza ngozi inapendeza. Baadaye inakuwa nyembamba, inatoka chunusi, mishipa inaonekana, na kwapani na mapajani inachanika michirizi isiyofutika. Klobetasoli ya mtu mzima isizidi gramu 50 kwa wiki, na wiki mbili mfululizo zinatosha kabla ya kurudi kwa daktari. Tyubu inayokupendeza haraka kuliko zote ndiyo ya kuigeuza na kusoma mgongoni.

Kwenye soriasisi kuna hatari moja ambayo pumu ya ngozi haina kwa kiasi hicho. Ukiacha ghafla steroidi kali uliyoitumia eneo kubwa kwa muda mrefu, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, wakati mwingine na vijipu vya usaha. Vidonge na sindano za steroidi ndivyo vinavyoogopesha zaidi. Mwenye soriasisi akiambiwa "tukuchome sindano moja ya aleji, utasahau", aulize kwanza ni sindano ya nini.

Zisizo steroidi

Kwa soriasisi chaguo ni pana. Asidi ya salisiliki, ya asilimia 2 hadi 5, inatoa magamba ili dawa nyingine ifike chini. Isipakwe eneo kubwa, wala kwa mtoto mdogo. Lami ya makaa ya mawe inanuka na kuchafua shuka, lakini inapunguza unene na muwasho, na shampuu yake ndiyo iliyonisaidia kichwani kuliko kitu chochote. Kalsipotrioli, ya jamii ya vitamini D, haifanyi ngozi kuwa nyembamba, kwa hiyo inafaa kwa safari ndefu. Inataka subira ya wiki kadhaa, na asidi ya salisiliki huiharibu, usizipake pamoja.

Kichwa kinahitaji utaratibu wake. Mafuta ya nazi usiku chini ya kilemba, asubuhi chanua magamba taratibu bila kung'oa, osha kwa shampuu ya lami uliyoiacha dakika kadhaa, kisha dawa ya maji, si ya mgando. Msusi aambiwe kwamba si mba wala mashilingi, na asisuke kwa kuvuta.

Kwa pumu ya ngozi mbadala mkubwa ni takrolimasi, hasa kwa kope, uso na shingo ambako hutaki steroidi ya muda mrefu. Inachoma siku za mwanzo kisha inazoeleka, na bei yake ni ya juu. Usoni na kwenye mikunjo madaktari huitumia kwa soriasisi pia. Kwenye bamba nene la goti usipoteze pesa.

Jua linatutenganisha. Bamba zangu hupungua nikipata jua la asubuhi la kiasi. Mtoto wetu, jua likimtoa jasho, anawashwa mara mbili zaidi, naye tunampa kivuli, nguo za pamba na maji ya kujisuuza akitoka kucheza. Sweta ya sufu ya shule anaivaa juu ya fulana ya pamba, isiguse shingo.

Chakula na vidonge

Usimnyime mtoto maziwa, mayai na samaki kwa kubahatisha. Utamwongezea utapiamlo juu ya muwasho. Kama kuna chakula kinachomvimbisha au kumtapisha ndani ya saa mbili, hicho kipimwe. Vidonge vya aleji haviondoi muwasho wa pumu ya ngozi. Vile vya kusinzisha vinamsaidia kulala tu. Kwa soriasisi, kuvuta sigara, pombe na uzito mkubwa vina uzito kuliko aina ya samaki unayokula.

Alama zinazobaki

Ugonjwa ukitulia, ngozi yetu hubaki na doa jeusi au jeupe. Doa hilo si ugonjwa, na linafifia lenyewe kwa miezi. Wengi huendelea kupaka steroidi wakifuata rangi, au hukimbilia mkorogo kusawazisha. Pima kwa kiganja: kama pamelainika, hapana unene na hapawashi, acha dawa, endelea na mafuta.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri kama ngozi yenye pumu imetoa ghafla malengelenge madogo yenye maumivu na homa, hasa usoni, kwa sababu virusi vya malengelenge ya mdomo vinaweza kuienea kwa hatari. Majimaji ya njano, gaga za rangi ya asali na joto vinataka dawa ya bakteria. Mwenye soriasisi anayeamka na vidole vimevimba au mgongo uliokakamaa zaidi ya nusu saa amwone daktari mapema, maana ugonjwa huu hushika viungo na viungo vikiharibika havirudi. Soriasisi inayolipuka mwili mzima kwa mtu ambaye hakuwa nayo ni sababu nzuri ya kupima VVU. Taja pia dawa unazomeza: baadhi ya dawa za presha za kundi la beta bloka, lithiamu na klorokwini zinaweza kuichochea. Ukipewa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na haifai kwa mjamzito.

Si lazima uanze na bingwa. Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa wa ngozi tangu miaka ya 1990, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali za wilaya. Uliza kama yupo kwenu. Ukienda, beba tyubu na makopo yote uliyowahi kupaka, hata yale ya sokoni yasiyo na lebo, na siku hiyo usijipake chochote ili ngozi ionekane ilivyo.